Mlango Asioujua Mwenye Nyumba

Dada yangu akaaye Maskati, ambaye kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikiandikiana naye kwa simu juu ya mirathi ya marehemu baba yetu, namna ya kuigawa nyumba na minazi, pamoja na maneno mengine ambayo ndugu wa tumbo moja huambiana faragha wala hawapendi majirani wayasikie, aliniuliza siku moja kama nina yakini kwamba hakuna mtu wa tatu ayasomaye yale tuyaandikayo. Nikamjibu kwamba programu tuitumiayo hufunga kila neno kwa kufuli la hesabu, na kwamba hata kampuni iliyoitengeneza haina ufunguo wa kulifungua. "Kaka," akasema, "kufuli hilo umeliona kwa macho yako, au umeambiwa na aliyelitengeneza?" Sikuwa na jawabu la kumtosha, na yote nitakayoyasema hapa yametokana na swali hilo moja.

Nyumba za kale za miji yetu ya pwani, za Lamu, za Mombasa na za Unguja, zilikuwa na mlango mkubwa wa mbele, ulionakshiwa kwa patasi na kukazwa kwa komeo na mnyororo, na kwa mlango huo mwenye nyumba aliwaonyesha wapita njia heshima yake. Na nyuma zilikuwa na mlango wa uani, mdogo, usio nakshi, ambao jamaa na wanawake wa mtaa waliupitia walipokuja kutembeleana. Mlango huo wa uani haukuwa hatari, kwa sababu mwenye nyumba aliujua, na kila aliyeupitia alijulikana. Mlango nitakaouzungumza mimi ni wa namna nyingine kabisa. Ni mlango ambao fundi, kwa kuamriwa na dola au kwa kulipwa nayo, ameuacha ukutani wakati wa kujenga, akaupaka chokaa ile ile ya ukuta, kisha akamkabidhi mwenye nyumba funguo za mbele na kumwapia kwamba hakuna njia nyingine ya kuingilia. Swali la dada, likitiwa katika lugha ya mafundi wa kompyuta, ni hili: programu tuzitumiazo kulinda siri zetu, yaani zile za kusimba ujumbe, za kufungia mafaili, za kukinga virusi na za kulinda malango ya mitandao ya maofisi, tuna burhani gani kwamba hazina mlango wa namna hiyo?

Kwanza ni haki nilitoe jambo moja katika shaka. Usimbaji fiche wenyewe, ile elimu ya kuyageuza maneno yasomekayo yakawa mchafuko wa herufi na tarakimu usioweza kurudi hali yake ila kwa ufunguo, ni imara kupita kufuli lolote la chuma alilopata kulifua mhunzi. Kanuni mashuhuri ya leo, iitwayo AES, iliidhinishwa na Marekani mwaka 2001 baada ya mashindano ya wazi ya miaka kadhaa, ambamo wataalamu wa nchi nyingi walialikwa kuleta kanuni zao na kujaribu kuzivunja za wenzao. Walioshinda walikuwa Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Ufunguo wake ulio mfupi kuliko zote waweza kuwa wa namna nyingi hata idadi yake huandikwa kwa tarakimu 39, na mtu atakaye kuzijaribu moja baada ya moja, ajapopewa kompyuta zote zilizomo duniani, atakufa yeye na wajukuu wake kabla ya kumaliza hata sehemu ndogo ya kazi hiyo. Hesabu haihongeki wala haitishiki. Wahongekao na watishikao ni watu: aliyeiandika programu, aliyemwajiri, aliyetoa kibali cha kuiuza, na yule aletaye toleo jipya usiku wakati mwenye simu amelala. Kwa hiyo dola yenye akili haijisumbui kuvunja kufuli, humtafuta mhunzi.

Na mhunzi alipatikana. Katika mji mdogo wa Zug, nchini Uswisi, palikuwa na kampuni iitwayo Crypto AG, ambayo tangu miaka ya 1950 ilitengeneza mashine za kusimbia barua za serikali, na ambayo mwasisi wake, Boris Hagelin, Mswidi aliyezaliwa katika dola ya Urusi, alikuwa amekwisha kuwapa Wamarekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili mashine ndogo ya kuchukuliwa na askari vitani, iliyotengenezwa kwa idadi ya takriban 140,000. Uswisi haikuwa upande wa mtu, na mabenki yake yalisifika kwa kutunza siri. Basi serikali zisizowaamini Wamarekani wala Warusi ziliona ni busara kwenda kununua kufuli zao huko. Wanunuzi walizidi nchi 120. Iran ilikuwamo, na Libya, Misri, Saudi Arabia, Argentina, na Bara Hindi pamoja na Pakistan walio mahasimu, na hata Vatikani. Walilipa fedha nyingi ili wasisikike, nao wakasikika. Maana mwezi wa Juni 1970 kampuni ile ilinunuliwa kwa siri na mashirika mawili ya ujasusi, CIA la Marekani na BND la Ujerumani ya Magharibi, kwa dola milioni 5.75, na wenye mali wakajificha nyuma ya mawakili wa Liechtenstein. Na tangu hapo wataalamu wa hesabu wa Marekani ndio walioamua mashine ya nani ifunge kwa nguvu gani.

Yafaa msomaji aielewe hila hiyo, kwa sababu ndiyo itumikayo mpaka leo. Mashine haikuwa na waya wa kupelekea maneno Washington, wala haikuweka nakala ya barua mahali. Ilisimba kweli, na kila aliyeitazama aliona maneno yakiingia yakiwa safi na kutoka yamevurugika. Kilichofanywa ni kuiharibu kanuni kwa kipimo, hata mfuatano wa herufi uliodhaniwa kuwa wa nasibu tupu ukawa unajirudia mapema kuliko ilivyostahili, na kazi ambayo ingemshinda mgeni maisha yake yote ikawa nyepesi kwa yule aliyejua ulipo udhaifu. Hivyo mwaka 1978, Rais Anwar Sadat wa Misri alipokuwa Camp David, huko Marekani, akijadiliana na Waisraeli mbele ya Rais Carter, Wamarekani walikuwa wakisoma mawasiliano ya wajumbe wake na Kairo. Na mwaka 1982, Argentina ilipopigana na Uingereza juu ya visiwa vya Falkland, siri za Argentina zilifika London kwa njia hiyo hiyo.

Linalonihuzunisha zaidi katika kisa hiki si hasara ya marais, ambao wao nao wana majasusi wao, bali ni hali ya wafanyakazi wa kampuni ile, ambao wengi wao hawakujua kitu. Wahandisi waliogundua udhaifu na kutaka kuurekebisha, kwa kuwa walifikiri ni makosa ya kazi, walizuiwa bila ya kuelezwa sababu. Na Hans Bühler, aliyekuwa mwuzaji wa mashine hizo, alikamatwa Tehran mwezi wa Machi 1992, akawekwa kifungoni miezi tisa, akihojiwa habari za vyombo ambavyo yeye aliamini kwa moyo mweupe kuwa ni amana. Kampuni ikatoa dola milioni moja ili afunguliwe, na aliporudi kwao ikamwachisha kazi na kumdai fedha zile. Wairani walikuwa wameshuku lililo kweli, wakamshika asiye na hatia. Wajerumani walijitoa mwaka 1993 kwa kuogopa fedheha. Wamarekani wakaendelea hadi 2018. Na mambo yote yalitolewa hadharani na waandishi wa habari wa Marekani, Ujerumani na Uswisi mwezi wa Februari 2020. Muungano wa Sovieti na China hawakuwa katika daftari la wateja hata siku moja, kwa kuwa wao waliitilia shaka kampuni ile mapema. Na kila nikifikiri juu ya hilo huona kwamba wale wateja wengine hawakushindwa kwa uchache wa akili, ila kwa kupima kufuli kwa sifa ya mji lilikotoka.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya mashine za chuma na enzi zilizopita. Lakini hila ile ilihamia katika programu, ikawa laini zaidi. Kila ufunguo wa kompyuta huzaliwa kwa nasibu: ni kana kwamba mashine hurusha dadu mara nyingi, na namba zilizoanguka zikawa ndizo ufunguo. Kwa hiyo anayejua tangu awali dadu zitaangukaje hana haja ya kuiba ufunguo, kwani anao. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wenye njia nne za kurusha dadu hizo, na mojawapo, iliyopewa jina la Dual_EC_DRBG, ilikuwa nzito na ya polepole kuliko wenzake, hata wataalamu wakastaajabu kwa nini shirika la ujasusi wa mawasiliano, NSA, liling'ang'ania iwemo. Mwezi wa Agosti 2007 wataalamu wawili wa Microsoft, Dan Shumow na Niels Ferguson, walionyesha katika hotuba fupi mbele ya wenzao kwamba njia ile imesimama juu ya namba mbili zisizoelezwa zilikotoka, na kwamba aliyezichagua aweza kuwa na namba ya tatu aliyoiweka kibindoni, ambayo kwayo, akiona kipande kidogo tu cha nasibu iliyokwisha kutolewa, angebashiri yote itakayofuata. Hawakumtuhumu mtu. Walionyesha tundu la ufunguo, wakaketi.

Miaka sita ikapita na njia ile ikiwa bado ni kanuni rasmi. Mwaka 2013 karatasi alizozitoa Edward Snowden, aliyepata kulifanyia kazi shirika la NSA, zilifunua kwamba shirika hilo lilikuwa na mpango wa kutia udhaifu katika viwango na vyombo vya usimbaji. Na mwezi wa Disemba mwaka huo shirika la habari la Reuters lilieleza kuwa RSA, kampuni yenye jina kubwa katika fani hiyo, ililipwa dola milioni 10 ili njia ile iwe ndiyo itumikayo katika bidhaa yake endapo mteja hakuchagua nyingine. RSA ilikana kwamba iliingia mkataba kwa nia ya kuwadhoofisha wateja wake. Mwaka uliofuata NIST iliifuta njia ile katika mwongozo. Ni vema kukumbuka ya kuwa kasoro yake ilikuwa imeandikwa mbele ya macho ya watu muda wote huo, na wengi waliitumia kwa sababu ilikuja na muhuri wa serikali.

Na sasa nafika katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, linavunja hoja ya wote wasemao kwamba raia mwema hana cha kuogopa katika mlango wa serikali yake. Tarehe 17 Disemba 2015 kampuni ya Juniper ya Marekani, ambayo vyombo vyake vya kulinda malango ya mitandao vilikuwa vikitumika katika maofisi ya serikali na makampuni makubwa, ilitangaza kwamba imekuta ndani ya programu yake maandishi ambayo haikuyaruhusu. Wataalamu walipoyachunguza walikuta kwamba vyombo hivyo vilitumia ile ile Dual_EC, na kwamba mtu fulani, mwaka 2012, aliingia kwa siri akaibadilisha mojawapo ya zile namba na kuweka yake. Hakutoboa ukuta wala hakujenga mlango mpya. Alibadilisha kitasa cha mlango uliokuwapo tayari, na tangu siku hiyo ufunguo ukawa wake.

Wagiriki waliyaonja hayo mapema zaidi. Mitambo ya simu iliyouzwa kwa kampuni ya Vodafone ya huko ilikuwa imetiwa kiwandani uwezo wa kusikiliza mazungumzo, kwa ajili ya polisi wenye amri ya hakimu. Na katika mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Athens, 2004, watu wasiojulikana waliuamsha uwezo huo wakasikiliza simu zaidi ya 100, ikiwamo ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis mwenyewe na za mawaziri wake, hadi ulipogunduliwa Machi 2005. Wananchi waliambiwa mwezi wa Februari 2006. Marekani nayo ilikuwa imetunga mwaka 1994 sheria ya kuzilazimisha kampuni za simu ziache katika mitambo yao nafasi ya kusikilizia kwa amri ya mahakama; na katika mwaka 2024 ikadhihirika kwamba wadukuzi, ambao Marekani husema ni wa serikali ya China na China hukana, wamejipenyeza katika kampuni kubwa za simu, AT&T na Verizon zikiwamo, wakaifikia hata mifumo ile ya kusikilizia. Mwezi wa Disemba mwaka huo maofisa wa usalama wa mitandao wa Marekani wakawashauri wananchi watumie programu zisimbazo ujumbe tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Serikali iliyopigania milango kwa miaka 30 ikawa sasa yawahimiza watu wake wajifungie.

Sisemi kwamba madai ya serikali hayana msingi. Wauaji nao wana simu. Mwezi wa Disemba 2015 watu 14 waliuawa huko San Bernardino, Marekani, na polisi walipoipata simu ya mmoja wa wauaji, nao hawakuweza kuifungua, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilikwenda mahakamani ikitaka Apple iandike programu ya kuupunguza ulinzi wa simu hiyo. Apple ikakataa, ikisema kwamba chombo kitakachoifungua simu hiyo moja kitazifungua nyingine zote, na shauri likaisha bila hukumu baada ya FBI kumpata mtu mwingine wa kuifungua. Mzazi ambaye mtoto wake ameibwa atatamani kila kufuli la dunia livunjwe, na mimi sina ulimi wa kumlaumu. Lakini hesabu haimtambui mzazi wala hakimu. Yamtambua mwenye ufunguo tu, na ufunguo huibika. Hili si jambo la siasa ambalo watu wawili wenye nia njema waweza kukutana katikati. Ni kama kutaka mtumbwi wenye tundu lipitishalo maji ya baharia peke yake.

Fauka ya hayo, iko hila ambayo haihitaji hata kumhonga mhunzi, nayo ni dola kufungua kiwanda chake. Kwa miaka mitatu, hadi Juni 2021, FBI pamoja na polisi wa Australia waliendesha kwa siri biashara ya simu zilizoitwa ANOM, zilizosifiwa baina ya wahalifu kuwa ni siri tupu. Simu takriban 12,000 zilisambaa katika nchi zaidi ya 100, na kila ujumbe uliotumwa ulichukua nakala yake ya kupelekwa kwa polisi. Watu zaidi ya 800 walikamatwa. Nafurahi kwamba wauza dawa za kulevya walinaswa, wala siwaonei huruma. Ila naona kwamba mwenye simu ile, kama angekuwa si mhalifu bali mwandishi wa habari au wakili, asingekuwa na njia yoyote ya kujua.

Basi imani itoke wapi? Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha aliyekaa Paris, aliandika katika jarida la elimu ya kijeshi kwamba chombo cha kusimba lazima kiwe salama hata kikianguka mikononi mwa adui, ili siri iwe katika ufunguo peke yake. Kufuli lililo zuri ni lile ambalo adui amelifungua nyuma yake, akatazama kila chemchemi na kila jino, kisha akashindwa. Kwa ajili hiyo mimi huipa nafasi ya kwanza programu ambayo maandishi yake yamewekwa wazi kwa atakaye ayasome, na ambayo wageni wasiolipwa kuisifu wameichunguza. Programu ya kufungia mafaili iliyoitwa TrueCrypt, ambayo watengenezaji wake walijificha majina na kisha wakaiacha ghafla mwezi wa Mei 2014, hata watu wakadhani dola imeingiza mkono, ilichunguzwa na wataalamu kwa fedha zilizochangwa na watu. Uchunguzi ulipokwisha mwaka 2015 zilionekana kasoro za kazi, lakini mlango wa makusudi haukuonekana. Huo ndio ushahidi wa aina ambayo Zug haikuwahi kuutoa.

Ila uwazi nao una mipaka yake. Kompyuta haisomi maandishi ya mwanadamu. Husoma tafsiri yake, na tafsiri hiyo hufanywa na programu nyingine. Ken Thompson, mmoja wa waliobuni mfumo wa Unix, alieleza katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1984 jinsi mfasiri huyo awezavyo kufundishwa hiyana, akawa hutia mlango katika programu ambayo maandishi yake ni safi, na hujirithisha tabia hiyo kila afasiriwapo upya, hata msomaji akesha usiku kucha juu ya maandishi asione kitu. Dawa ya kuyapunguza maradhi hayo, iliyochukua miaka mingi kupatikana, ni watu wengi walio mbalimbali kuyafasiri maandishi yale yale kila mmoja kwa mashine yake, kisha kulinganisha walichokipata tarakimu kwa tarakimu.

Na mwaka 2024 tuliona jinsi jambo hilo lilivyo la haja. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kwa zaidi ya miaka miwili kumsaidia mwandishi mmoja aliyechoka, aliyekuwa akiitunza bila ujira programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo iko ndani ya kompyuta nyingi mno za kuendeshea mtandao wa intaneti; akafanya kazi njema, akaaminiwa, akakabidhiwa funguo, kisha akatia mlango ambao sehemu yake aliificha katika mafaili ya majaribio, na kiungo cha kuuamsha akakiweka katika furushi lililogawiwa watu, si katika maandishi yaliyowekwa hadharani. Aliyeugundua, Andres Freund, hakuwa akitafuta majasusi. Aliona tu kwamba kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa nusu ya sekunde, na kwa kuwa ni mtu asiyekubali nusu ya sekunde ipotee bila ya sababu, akaifuatia hadi akaufikia mlango, akawatangazia walimwengu tarehe 29 Machi. Hila ya miaka miwili iliangushwa majuma machache baada ya kutolewa, na kilichouwezesha ugunduzi huo ni kwamba Freund aliruhusiwa kutazama ndani. Mteja wa Crypto AG, lau angeiona dalili kama ile, angemwandikia mwuzaji, na mwuzaji angemjibu kwa adabu kwamba mashine ni nzima.

Programu za kukinga virusi nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo ngumu zaidi kuzipima. Mlinzi huyo, ili amtambue mwizi, hupewa ruhusa ya kufungua kila sanduku la nyumba, na kila siku hupokea maagizo mapya kutoka kwa bwana wake aliye mbali. Marekani iliamuru mwaka 2017 programu za Kaspersky ya Urusi ziondolewe katika maofisi yake ya serikali, na mwaka 2024 ikapiga marufuku kuuzwa kwake nchini, kwa hoja kwamba Moscow yaweza kuilazimisha kampuni hiyo. Kaspersky imekana daima kwamba inaitumikia dola. Hoja ile ni nzito, lakini haina uraia. Sheria za Uingereza nazo zaweza kuiamuru kampuni ifungue njia na kuikataza isiseme kwamba imeamriwa. Na mwezi wa Februari 2025 Apple, baada ya habari kuvuja kwamba imepewa amri ya namna hiyo, iliwaondolea watu wa Uingereza ulinzi wa juu kabisa wa mafaili yao badala ya kuutoboa kwa siri. Niliiona hiyo kuwa hali ya kusikitisha, na pia kuwa uungwana: afadhali fundi akuambie kwamba hapa hawezi kukuwekea mlango, kuliko akuwekee usiofunga.

Dada alikuja Unguja siku za Idi, na mimi nilikuwa nimekwisha kupata jawabu, si lile la kwanza. Nilimweleza kwamba programu yetu maandishi yake yako wazi, kwamba wataalamu wasio na uhusiano na wenyewe wameisoma, na kwamba kuna jambo moja ambalo sisi wenyewe twaweza kulihakikisha bila ya kumwamini mtu. Tukaketi barazani baada ya alasiri, kila mmoja na simu yake, tukafungua mahali ambapo programu huonyesha tarakimu 60 zitokanazo na funguo za wazungumzaji wawili, ambazo zingetofautiana kama kungekuwa na mtu amejitia katikati. Zimepangwa mafungu 12 ya tarakimu tano tano. Akasoma yeye, nami nikafuata kwa kidole, polepole, kama tulivyofanya chuoni tulipokuwa watoto, na zote zikawa sawa hadi fungu la mwisho. Kisha akaigeuza simu mgongo wake juu, akaitazama, akaniuliza, "Na hii simu yenyewe, nani kaitazama ndani?" Nikamwambia kweli kwamba hilo hatuna namna ya kulisoma kwa sauti. Akazichukua simu zote mbili akazipeleka ndani, akarudi na kahawa, na yale maneno ya minazi ya baba yaliyokuwa yamebaki tukayamaliza pale pale kwa mdomo.